Hekaya za Kilimanjaro na Kalamu za Watunzi

Weupe wa kilele cha Kibo ulikuwa hekaya muda mrefu kabla haujawa habari ya jiografia. Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona tarehe 11 Mei 1848, akiwa pamoja na kiongozi wake wa safari, Bwana Kheri, ambaye alipoulizwa kile king'aacho juu ya mlima ni kitu gani hakuwa na jina la kukiita, ila alijibu kwamba ni baridi. Katika safari zake za Uchaggani za miaka ile Rebmann alipata kisa cha Machame, chenye majina ya watu na nasaba yao: kwamba Rongua, Mangi (yaani mtawala) wa nchi ile na baba yake Mamkinga aliyekuwa akitawala wakati huo, aliwatuma watu wapande juu wakakichunguze kile kitu cheupe, kwa tamaa ya kuwa huenda ikawa ni fedha, kwamba watu wale walipatwa huko na jambo wasilolijua, wakafa kwa baridi na kwa hofu, wakidhani wameshikwa na mashetani, na kwamba aliyerudi ni mmoja tu, jina lake Sabaya, naye mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika.

Mzoefu wa ngano akisikia kisa hiki huanza kutikisa kichwa, maana kina kila kiungo ambacho ngano hupenda: mtawala mwenye tamaa, hazina isiyochukulika, walinzi wa ghaibu, na shahidi mmoja aliyeponea chupuchupu akiwa na alama mwilini. Walakini kisa kilikuwa kweli tupu, kwa kuwa theluji ndivyo inavyoifanya mikono na miguu ya mtu asiye na viatu wala nguo nzito. Kule London, kinyume chake, William Desborough Cooley, mjuzi wa ramani ambaye hakupata kuikanyaga Afrika hata siku moja, aliikataa theluji ya Rebmann na kushikilia ukaidi wake miaka na miaka, hata baada ya msafiri Karl Klaus von der Decken kupanda miteremko ile mwaka 1861 na tena mwaka 1862 na kuithibitisha. Basi ngano ya Machame ndiyo iliyokuwa elimu, na elimu ya London ndiyo iliyokuwa ngano.

Jambo hili linamhusu sana mtunzi. Yeyote atakaye kutunga riwaya, tamthilia au hadithi fupi kwa kuchota katika hekaya za mlima huu hujikuta, apende asipende, mbele ya masimulizi ambayo si rahisi kuyagawa mafungu mawili, hili la kweli na hili la uongo. Fauka ya hayo, masimulizi hayo hayakumfikia moja kwa moja kutoka kinywani mwa bibi aliyeketi mekoni, bali yamepita katika mikono mingi, na kila mkono uliyakunja kidogo kwa haja yake. Nionavyo mimi, asiyeijua mikono hiyo hutunga juu ya utunzi wa mwingine, ilhali moyoni anaamini kwamba amechota kisimani.

Tuanze na hekaya ambayo kila mtoto wa Moshi, awe wa mjini au wa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, amepata kuisikia. Wazee husimulia kwamba Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima huu, walikuwa majirani, kila mmoja na nyumba yake na mafiga yake. Siku moja moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, akamkuta anatwanga ndizi kavu kinuni. Akakaribishwa, akala, akapewa kaa, akashika njia. Asifike mbali moto ukazimika. Wengine husema aliuzima mwenyewe, kwa kuwa ndizi zilikuwa zimemkolea. Akarudi, akala tena, akapewa moto tena. Aliporudi mara ya tatu na maneno yale yale mdomoni, Kibo alichoka, akaunyanyua ule mchi aliokuwa akitwangia, akamtwanga nao jirani yake kichwani na mabegani mpaka akamtoa umbo. Ndiyo sababu, husema, Mawenzi amechongoka na kumegekamegeka hivyo, na aghalabu hujitanda mawingu kwa haya ya kipigo kile.

Mgeni huichukua hekaya hii kuwa ni kichekesho cha kuelezea sura ya jiwe, akaiacha hapo. Aliyekulia kihambani husikia zaidi. Katika nyumba ya kale ya Kichagga, ile msonge iliyoezekwa nyasi na majani ya migomba kutoka paani hadi chini, ambamo ng'ombe na mbuzi walilala chini ya dari moja na watu, kuutunza moto usizimike usiku kucha ilikuwa wajibu wa nyumba, na aliyepitiwa akauacha ukazimika alikuwa na haki ya kwenda kwa jirani asubuhi, naye jirani hakuwa na ruhusa ya kumnyima. Ndizi zilizokaushwa zilikuwa akiba, chakula cha siku za dhiki. Hivyo Mawenzi hakuomba kitu kibaya. Alichukua haki ya ujirani akaifanya hila, akaila akiba ya mwenzake kwa kisingizio cha moto. Na Kibo je? Kibo naye, kwa maoni yangu, ana hatia yake, kwa sababu jirani mlafi hushitakiwa kwa wazee kwenye baraza, akatozwa pombe au mbuzi, wala havunjwi kichwa kwa mchi. Hekaya haisemi nani mwenye makosa. Imewaacha wote wawili wakitazamana hadi leo, mmoja mzima na mmoja aliyevunjika, na mtunzi mwenye akili angeanzia papo hapo.

Sasa nirudi kwenye hiyo mikono. Wa kwanza kwa wingi wa kazi ni Bruno Gutmann, padri wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, aliyezaliwa Dresden mwaka 1876 na kufika Uchaggani mwaka 1902. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita Moshi ya Kale, huko juu mlimani. Si katika mji wa Moshi tuujuao leo, ambao ulipata nguvu huku chini baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911. Gutmann aliongea Kichagga na wazee, akaandika alichokisikia kwa bidii ambayo hata wasiopendezwa na nadharia zake hawana budi kuistahi. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya utunzi na fikra za Wachagga, mwaka 1914 akatoa kingine cha ngano, mwaka 1926 akatoa kikubwa juu ya sheria zao, na kati ya 1932 na 1938 majuzuu matatu ya mafundisho ya jando na ya kikabila. Vyote aliviandika kwa Kijerumani. Padri huyu aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na kwamba kanisa lijengwe juu yake badala ya kuvibomoa. Kwa hiyo ngano zilizofungamana na ukoo na ujirani zilimpendeza mno, akazipa nafasi pana na heshima kubwa. Hakusema uongo. Alichagua, na kuchagua ni nusu ya kutunga.

Wa pili ni Charles Dundas, Bwana Shauri wa Kiingereza aliyekuwa Moshi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mtu ambaye Wachagga wamemkumbuka zaidi kwa kahawa, kwa sababu aliusimamia ukulima wake na kuunga mkono chama cha wakulima kilichoundwa mwaka 1925, mama yake KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake kilitoka mwaka 1924, na ndani yake mna hekaya ya jinsi Ruwa, Mungu wa Wachagga, alivyowapa watu wa kwanza migomba na mazao yote wale, akawakataza kiazi kikuu kimoja tu, wasikiguse. Na jinsi katazo lile lilivyovunjwa na mauti yakaingia. Msomaji aliyepata kufungua Kitabu cha Mwanzo hawezi kuisoma hekaya hii asisimame. Je, ni ya kale kweli, iliyofanana na ile ya Biblia kwa bahati tu? Ama ni ya wazee waliokwisha kusikia mahubiri, wakalivalisha tunda la Edeni gamba la kiazi cha nyumbani? Mimi sioni aibu katika jibu lolote kati ya haya. Ikiwa ni hili la pili, basi tunao ushahidi kwamba wazee wa mlimani walikuwa watunzi stadi, waliojua kuchukua kisa kigeni na kukipandisha katika udongo wao, jambo lile lile ambalo leo tunawafundisha wanafunzi wa fasihi kuwa ni ufundi.

Ngano za Gutmann zilifika Uingereza kwa njia ya Alice Werner, mwalimu wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika chuo cha lugha za mashariki mjini London, ambaye mwaka 1933 alizitia ndani ya kitabu chake kikubwa cha visasili vya Wabantu. Na kutoka hapo zimenakiliwa mara nyingi, hata pengine mwana wa Marangu huisoma hadithi ya bibi yake kwa Kiingereza kilichotafsiriwa kutoka Kijerumani. Katika orodha hii Werner ndiye mwanamke peke yake, naye alizipata vitabuni. Hapa pana jambo la kuzingatia: ngano ambazo aghalabu zilisimuliwa na wanawake jioni, moto ukiwaka na watoto wakiitikia, zimeingia maktabani kwa kalamu za mapadri, mabwana shauri na Wamangi.

Mangi ninayemkusudia ni Petro Itosi Marealle wa Vunjo, ambaye mwaka 1947 alitoa, kwa Kiswahili, kitabu chake *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera*. Kwa kipimo changu kitabu hiki kinazidi thamani ya majuzuu mengi ya wageni, kwa sababu mwandishi alisema habari za kwao katika lugha ambayo Mmachame, Mkibosho, Mmarangu na Mrombo, ambao lahaja zao zinatofautiana hata kushindana kuelewana, wangeisoma wote pamoja na Mzaramo na Mnyamwezi. Anamfuata Mchagga tangu tumboni mwa mama yake hadi makao ya wafu, akieleza kuzaliwa, kulelewa, jando, ndoa, matambiko na mauti. Naye pia alikuwa na jicho lake: alikuwa mtu wa nyumba iliyotawala Marangu enzi ya Wajerumani, akiandika wakati vijana wengi walikuwa wamekwisha kuingia katika shule na kahawa, na mila inayoonekana kurasani mwake ni mila iliyonyooshwa, yenye adabu ya baraza. Mlevi, mchawi na mwanamke mkaidi hawakupewa maneno mengi.

Niruhusiwe sasa kukaa kidogo na ngano zenyewe, maana ndimo utajiri ulimo. Juu ya msitu, husimuliwa, karibu na kilele, wanakaa Wakonyingo, watu wafupi kama watoto, wenye vichwa vikubwa, ambao hawalali chini kama sisi bali husinzia wameketi na kuegemea ukuta, kwa kuwa akianguka mmoja wao hawezi kuinuka kwa uzito wa kichwa chake. Ndipo kila mtu huchukua pembe ubavuni, ili akianguka aipulize na wenzake waje kumwinua. Maskini mmoja wa huku chini, asiye na hata ng'ombe mmoja, alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Mkunare, akapanda kwenda kuomba msaada kwa Wakonyingo. Njiani akamkuta bikizee mwenye macho yaliyoziba kwa tongo, ambaye alimwambia, nilambe macho yapate kufunguka, nami nitakuonyesha namna ya kwenda. Kijana akaona kinyaa, akapita. Alipofika juu aliwakuta watu wamekaa kwenye uwanja wa Mangi wao, akawasalimu kama anavyosalimu wachungaji wadogo, akawauliza baba zao na kaka zao wako wapi. Wakamjibu, ngoja, watakuja. Akangoja mchana kutwa. Jioni wakarudisha ng'ombe, wakachinja, wakala, naye hakupewa kitu, kila akiomba huambiwa angoje wakubwa waje. Akashuka kwa njaa, akapotea njia, akafika kwao amekonda, na habari aliyoileta ni kwamba Wakonyingo ni matajiri lakini ni wachoyo.

Mdogo wake, Kanyanga, alipopanda alimlamba yule bikizee macho, naye bikizee akamwusia kwamba atakaowakuta wana vimo vya watoto lakini ndio washauri wa Mangi, awaamkie kwa heshima ya wazee. Akafanya hivyo, akapelekwa kwa Mangi, akalishwa, akalazwa. Naye kwa shukrani akawafundisha dawa ya kulinda mazao yao na wadudu na ndege, nao wakamrudisha nyumbani na kundi la ng'ombe. Tazama jinsi ngano ilivyo makini katika kuadhibu: Mkunare hakupigwa, hakutukanwa, hakugeuzwa jiwe. Alifanyiwa lile alilolitaka, yaani kungojea watu wakubwa, na watu wakubwa walikuwa mbele yake muda wote. Mtunzi wa leo atakayewachukua Wakonyingo kuwa pambo, vijitu vya kuchekesha katika ukungu wa mlima, atakuwa ameokota ngozi akaacha nyama. Kwa maana uzima wa hadithi hii umo katika mtihani wa maamkizi, na maamkizi mpaka leo, katika mabaraza na misiba ya huko huko Moshi, ni mizani ambayo watu hupimana kwayo. Kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam au Dubai, akaingia uani kwa wazee akisalimu kwa kidole, ni Mkunare mtupu, na riwaya nzima ingeweza kumfuata njia yake ya kurudi.

Ngano ya Murile ni nzito zaidi. Mvulana huyu aliona gimbi zuri, mfano wa mdogo wake, akalificha katika pango la mti, nalo likageuka mtoto. Akawa anampelekea chakula chake kwa siri, yeye mwenyewe akikonda. Mama yake alipogundua alimwua yule mtoto. Murile akalia, na alipoulizwa analilia nini akasingizia moshi wa mekoni. Kisha akakalia kigoda cha baba yake akakiamuru kipae, kikapaa naye hadi nchi ya Mwezi, akipita kwa wakata kuni, wakata majani, wachungaji na wateka maji, kila kundi likimtaka asaidie kazi kwanza ndipo limwonyeshe njia. Kule aliwakuta watu wanakula vyakula vibichi, akawafundisha moto, akatajirika kwa ng'ombe. Siku ya kurudi nyumbani alichoka, fahali mmoja akakubali kumbeba kwa ahadi kwamba nyama yake hataila. Wazazi waliambiwa ahadi hiyo. Baba akamchinja fahali hata hivyo, mama akaficha mafuta akayachanganya na unga, na Murile alipoonja, mafuta yakamsemesha, na ardhi ikamchukua polepole mpaka akazama. Mama huyu amemwangamiza mwanawe mara mbili, mara ya kwanza kwa kuua alichokipenda na mara ya pili kwa kumlisha, na nia yake ya pili, nadhani, ilikuwa mapenzi matupu. Sijui riwaya nyingi zenye mama kama huyu.

Nje ya Uchagga mlima ulipata hekaya za namna nyingine. Mojawapo, ambayo Dakta Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyezaliwa Urusi, alikuwa miongoni mwa walioieneza, humtaja Menelik, mwana wa Mfalme Sulemani, kuwa aliposhinda vita vyake na kuhisi mauti yanakaribia alipanda hadi Kibo na watumwa na hazina yake, akaingia ndani ya tundu la mlima na pete ya baba yake kidoleni, akalala humo milele. Hekaya hii ni ya fahari, lakini haina kihamba ndani yake, wala ndizi, wala jirani. Mlima umetumiwa kama jeneza zuri la mfalme wa mbali. Reusch huyo huyo, ambaye jina lake limepewa shimo la Kibo, aliukuta mwaka 1926 karibu na ukingo wa juu mzoga wa chui uliokauka kwa baridi, akaukata sikio liwe ukumbusho. Habari ya chui yule ikamfikia Ernest Hemingway, aliyewinda Tanganyika kati ya 1933 na 1934, naye akaitia mwanzoni mwa hadithi yake *The Snows of Kilimanjaro* ya mwaka 1936, kama fumbo: mnyama yule alitafuta nini huko juu?

Sitaki kumdharau Hemingway, maana kwa ufundi wa kukaza maneno wachache wamemfikia, na fumbo la chui limeifanya hadithi yake ikumbukwe na watu wasiojua Moshi iko upande gani wa dunia. Lakini tuhukumu kwa insafu. Katika hadithi ile mzungu anakufa kwa kidonda kilichooza, anakumbuka Paris na vita na wanawake, na mlima unamtokea mwishoni kama mahali pa roho yake kupumzikia. Mwenyeji wa nchi ni Molo, anayeitwa alete whisky. Watu waliokuwa na majibu mengi ya fumbo la chui, kwa kuwa katika ngano zao irimu, yaani zimwi, mara nyingi huvaa sura ya chui, hawakuulizwa. Hekaya ilichukuliwa, na wenye hekaya wakaachwa chini.

Waandishi wetu wenyewe wamekwisha kuonyesha njia iliyo bora. Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga mwaka 1913 utenzi wa Fumo Liyongo kutokana na masimulizi ya pwani, na mpaka leo shujaa yule huonekana kwa sura aliyompa yeye. Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze* cha mwaka 1952, alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela cha ndugu waliogeuzwa mbwa, akakiingiza katika adili na nathari yake mwenyewe hata wengi wakisoma hawakumbuki kwamba mzizi wake uko Basra. Ebrahim Hussein alipoandika *Kinjeketile* mwaka 1969 alikuwa na kazi ngumu zaidi, kwani Kinjeketile wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli wa vita vya Maji Maji. Akatangulia kuwaeleza wasomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni wake yeye, asichanganywe na yule wa tarehe. Emmanuel Mbogo naye akamfufua mganga wa Kisukuma katika *Ngoma ya Ng'wanamalundi*. Watunzi hawa hawakunakili. Walijua kilichomo ndani ya hekaya kinadai nini, wakakilipa.

Uaminifu wa Ebrahim Hussein unahitajika sana Moshi, kwa maana huko nako hekaya nyingine bado zina damu mbichi. Mangi Meli wa Moshi ya Kale, mwana wa Rindi, aliyewashinda Wajerumani mwezi Juni 1892, katika vita ambamo ofisa wao von Bülow aliuawa, alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na Wamangi na wazee wengine. Husimuliwa kwamba alining'inia saa nyingi asikate roho, na kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, nao ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Atakayemwandikia Meli riwaya atatunga juu ya babu ya watu walio hai, wenye msiba usiokwisha. Ana ruhusa ya kubuni maneno ya Meli usiku wa mwisho. Hana ruhusa ya kuyapitisha kama ushahidi.

Na kuna hekaya zinazoharibika kwa kuuzwa. Penye maporomoko ya Kinukamori, Marangu, watalii hulipa kiingilio wakaambiwa habari ya msichana Makinuka, aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujitupa majini kwa kuogopa adhabu, akaghairi, akageuka arudi, akakutana uso kwa uso na chui, akarudi nyuma akaanguka. Sanamu yake ipo hapo, na wageni hupiga picha. Kisa husimuliwa kwa dakika chache, kisha kundi huendelea kwenye mahandaki waliyojifichia Wachagga wakati wa vita. Lakini katika kisa hicho kifupi mna swali ambalo mwandishi wa kweli asingeliacha lipite: kijana aliyempa mimba alikuwa wapi siku ile, na nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba chui ndiye mwenye makosa?

Kwa hiyo nawasihi waandishi wa Moshi, Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na hasa vijana wenye bibi ambao bado wanaweza kukaa nao jioni, wasiridhike na ngano walizozikuta vitabuni. Kitabu cha Marealle kimechapishwa upya Dar es Salaam, na kianze kusomwa. Kisha mtu aende akaulize, aandike jina la msimulizi, kijiji na mwaka, na pale ambapo simulizi la bibi halikubaliani na la Gutmann, aweke yote mawili. Akishafanya hivyo abuni apendavyo, na ukurasa wa mbele aseme waziwazi kipi alikisikia na kipi ni chake.